Goti la Swafwan

Pale kijijini Waa hakuna asiyemjua Bi Twaiba, na wengi walimjua kwa vidole kabla ya kumjua kwa uso. Mikono yake ndiyo iliyowakanda wazazi waliotoka kujifungua, watoto wachanga, wakwezi walioanguka minazini na vijana walioteguka wakikimbizana na mpira. Kazi hiyo aliirithi kwa bibi yake, pamoja na chupa ya mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Mumewe alipokufa, watu walidhani atajifungia ndani. Yeye alichukua kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya goli la timu ya Pweza, akawa shabiki. Miaka kumi na minane hakukosa mechi ya nyumbani, na akimsema refa, refa aligeuka kutazama ni nani.

Hapo nyuma ya goli ndipo alipompenda Swafwan kama mwanawe. Asubuhi kijana huyo alikuwa mkwezi wa minazi. Jioni alikuwa winga wa Pweza, na akishapewa mpira pembeni, mabeki walibaki kumsindikiza kwa macho. Mguu wake wa kushoto ulijulikana hadi Msambweni. Tatizo lilikuwa goti la kulia. Misimu mitatu lilifura kila baada ya mechi, na misimu mitatu Bi Twaiba alilikanda. Kila alipomwambia kijana apumzike, Chirau, mwenyekiti wa timu, alifika mlangoni na kilo mbili za sukari na maneno matamu kuliko hiyo sukari.

"Mechi hii moja tu, Bi."

Mechi hiyo moja haikuisha. Ikafika nusu fainali ya kombe la wadi, na katika kipindi cha kwanza Swafwan akatolewa anachechemea. Mashabiki wakaanza kupiga kelele wakitaka mkandaji. Uwanja mzima ukaimba jina la Bi Twaiba, naye, tuseme kweli, alifurahi. Alifunga leso kiunoni, akaingia, akaliminya goti lile mpaka likanyooka. Swafwan akarudi, akafunga bao. Dakika nne baadaye akaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa, na Bi Twaiba aliusikia ukelele wake akiwa kigodani.

Daktari hakuzungusha maneno. Kano za goti zimekatika, mpira basi. Akijihadhari, atatembea; akilitegua tena, atatembelea mkongojo maisha yake yote.

"Na minazi?" akauliza Mishi, mke wa Swafwan.

Daktari alitikisa kichwa.

Ungedhani watu wangekaa chini waone haya. Thubutu. Wiki nzima barazani walililia mabao. Mmoja alisema kijana amerogwa, wapinzani wamezika kitu golini, basi wakaenda na majembe wakachimba mpaka mwamba wa goli ukalala upande. Walichopata ni kopo la rangi na kandambili moja. Mwingine alitoa machozi kabisa akiuliza nani atacheza pembeni msimu ujao. Hakuna aliyeuliza nyumba ya Swafwan itakula nini sasa. Bi Twaiba aliwasikiliza akichefukwa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali, na lililomchafua roho zaidi ni kwamba wali huo yeye pia alishiriki kuupika. Jioni ile alinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Harufu ya karafuu haikutoka.

Kisha Chirau akatangaza mechi ya kumuaga Swafwan. Pakapikwa pilau, pakaalikwa mgeni rasmi, pakachapishwa fulana zenye uso wa kijana. Asubuhi ya siku yenyewe Mishi alibisha hodi kwa Bi Twaiba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Wanataka acheze dakika kumi, naye amekubali. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia."

"Ameisikia mikono yangu miaka mitatu, Mishi. Ndiyo maana yuko vile."

Hata hivyo alijitanda leso, akaenda uwanjani. Chirau alimleta Swafwan mpaka kwenye kigoda, amevaa jezi na viatu vya mpira, na watu wakajaa nyuma yao.

"Mkande kidogo tu, Bi," Chirau akasema. "Dakika kumi, mgeni amuone, watu wapige picha."

"Lete mkono wako."

Bi Twaiba akauchukua mkono wa mwenyekiti, akauweka juu ya goti, akamwambia Swafwan alikunje polepole. Kitu kikateleza humo ndani, chini ya kiganja. Chirau aliuvuta mkono wake upesi, akaufuta kwenye suruali. Kwa kitambo kidogo Bi Twaiba aliamini kuwa wote wameelewa.

"Basi apige penalti tu," Chirau akasema. "Mguu wa kushoto si ni mzima?"

Wakashangilia. Swafwan mwenyewe akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa machozi. Bi Twaiba akawaambia kwamba apigaye kwa kushoto husimama kwa kulia, na mwili wote hugeukia juu ya goti hilo hilo. Ngoma zilikwisha kuanza. Hakuna aliyemsikia, au hakuna aliyetaka. Afe punda, mzigo wa bwana ufike.

Basi aliinuka, akatembea mpaka alama ya penalti, akaketi juu yake. Akanyoosha miguu, akatengeneza leso, akaweka chupa ya mafuta mapajani.

Ngoma zikakatika. Chirau akaja kubembeleza, mgeni rasmi akatazama saa yake, na mashabiki wakaanza kuzomea. Ni midomo ile ile iliyoimba jina lake siku ya nusu fainali.

"Yeye ndiye aliyemvunja!" mmoja akapiga kelele.

"Ni kweli," Bi Twaiba akasema. "Na nyinyi mlinipigia makofi."

"Mwondoeni huyo mzee!"

"Aje anishike aliye tayari."

Hakuja mtu. Nusu yao alikuwa amewakanda wakiwa wachanga, na nusu nyingine waliogopa watakachoambiwa na mama zao. Waliishia kumtukana kwa mbali. Yeye aliwatazama, uso wa Swafwan kwenye fulana zao umetanuka juu ya matumbo yaliyoshiba pilau, akaona kinyaa mpaka akatema mate pembeni. Mla nawe hafi nawe, wahenga walisema, nao hawakuwa wamewaona hawa. Alikaa hapo hapo mpaka adhana ya Magharibi ikalia na watu wakalazimika kutawanyika. Swafwan aliondoka peke yake akipitia upande wa pili, bila kumtazama.

Asubuhi yake alikuja. Hakupiga hodi, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema hakumpa Bi Twaiba shikamoo. Alisimama katikati ya ua.

"Nilitaka kuuaga mpira mimi mwenyewe," akasema. "Umenifedhehesha mbele za watu. Kijiji kizima kinanicheka kwamba nimezuiwa na bibi kizee. Goti ni langu, si lako. Sikutaki tena nyumbani kwangu, na mikono yako isiniguse mpaka nife."

Alisema mengi zaidi ya hayo, mengine hayaandikiki. Bi Twaiba alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini, akamtazama kuanzia unyayo mpaka kwenye goti lililofungwa bendeji.

"Umekuja kwa pikipiki?"

"Pikipiki ya nini? Nimekuja kwa miguu."

"Alhamdulillahi," Bi Twaiba akasema, akausogeza ungo kando, macho yangali kwenye goti. "Haya, endelea kunitukana. Nakusikiliza."