Meno ya Kidato cha Pili

Siombi radhi. Tumbaku inaharibu wavulana wetu, na mpaka leo nawapekua mifuko. Midomo tu ndiyo nimeiacha, na sababu ni hii.

Mwaka 2012 nilihamishiwa Lodwar kutoka Kisii, nikapewa kazi ya nidhamu. Siku ya kwanza gwarideni nikaamuru kidato cha pili wafungue midomo. Wavulana kumi na wawili walikuwa na meno ya kahawia. Ushahidi gani mwingine nilihitaji?

"Mwalimu, hii ni maji ya kisima," Ekai, mrefu kuliko wenzake, akalalamika. "Iko na chumvi, inaharibu meno tangu utoto."

"Maji hayana rangi! Unaniona mjinga?"

Nikawapigisha magoti juani, nikamwita mwalimu mkuu. Alikuwa mzaliwa wa huko huko, kijiji cha Kalemng'orok, shemasi kanisani, mtu mkali aliyezungumza kwa kubana midomo.

"Hawa wote wanatafuna tumbaku, bwana mkuu," nikatangaza mbele ya shule nzima. "Meno hayadanganyi."

Akawatazama, akanitazama, kisha akaangua kicheko. Meno yake, juu na chini, yalikuwa ya kahawia kuliko ya Ekai.