Nusu ya Kidonge cha Mdogo Wangu

Mimi na mdogo wangu wa kike tuna ugonjwa mmoja, wa kuanguka. Mimi ulinianza nikiwa darasa la tano, yeye ukamfuata baadaye. Hapa Endasak watu wengi wanaamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, kwa hiyo hata kwenye misiba tulipewa sahani yetu, sisi wawili tu. Mkono wangu wa kushoto una kovu la moto wa jikoni. Nilimaliza darasa la saba, nikabaki nyumbani na ng'ombe.

Siku moja walikuja watu kutoka hospitali ya chuo kikuu, kule mjini. Walisema wanajaribu dawa mpya, inayoongezwa juu ya ile ya zamani tunayopewa zahanati. Nikafurahi, maana ile ya zamani inanifanya mzito kama niliyebeba gunia la mahindi, na bado ninaanguka. Lakini nesi wao alisema, "Nyumba moja, mtu mmoja."

Mama akauliza, "Sasa nani?"

"Kompyuta ndiyo itakayochagua, mama. Siyo mimi."

Ikamchagua mdogo wangu.

Kuanzia hapo yeye na mama walikuwa wanapanda basi kwenda mjini, na mimi nakamua. Akirudi, hanyamazi. Alisema hospitali ile ina mlango wa macho, mlango wa moyo, mlango wa mifupa, na kila mlango una watu wake wanaojaribiwa dawa zao. Alisema kuna mzee wa mlango wa moyo anayemwita "mwenzangu." Alisema daktari anamvutia kiti.

"Halafu ananiuliza, umelalaje?"

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia nimelala vizuri. Anaandika."

Anaandika! Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe ingawa yalikuwepo. Mimi nimelala vibaya miaka yote na hakuna aliyewahi kuniuliza, hata pale zahanati. Wananipa pakiti yangu dirishani na kuita mwingine.

Na jambo lililoniuma zaidi ni kwamba aliacha kuanguka. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yeye yupo wima. Mimi nilianguka kando ya kisima mbele ya vijana wa bodaboda. Yeye ndiye aliyeniinua na kunifuta mdomo kwa kanga yake, na nilimchukia kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa imetulia.

Mama aliona. Jioni ile alichukua kidonge cha mdogo wangu, akakiweka juu ya kigoda na kukikata kwa kisu cha mboga. Kwetu kitu hakiliwi na mmoja huku mwenzake anatazama. Hata andazi moja linakatwa.

"Mmetoka tumbo moja," alisema. "Mtameza nusu nusu."

Mdogo wangu akanisogezea nusu yangu kwenye kiganja. "Chukua, dada."

Ndicho kitu nilichokuwa nakitaka kuliko vyote. Lakini kwetu mkubwa ndiye anayempa mdogo. Kumwona ananipa yeye, tena kwa huruma, kulinishinda.

"Sili masalia yako," nilisema.

"Siyo masalia, mama amekata sasa hivi!"

"Meza mwenyewe. Si wewe ndiye wa kompyuta?"

Akameza nusu zote mbili huku machozi yanamtoka. Mama akafuta kisu, na hakukata tena.

Wakati wa kuvuna maharage nesi alikuja nyumbani kwa pikipiki bila taarifa. Nikamwamkia shikamoo, nikarudi nyuma ya mlango kama kawaida yangu. Alimwaga vidonge kwenye kifuniko, akavihesabu, akavirudisha.

"Viko sawa," alisema. "Mama, nashukuru. Kule kijiji cha Dirma nimetoka kumwondoa kijana mmoja kwenye majaribio. Alikuwa anagawana na binamu yake. Analia, lakini hatuwezi kumrudisha."

Mama alitazama mafiga. Mdogo wangu alinitazama mimi.

Nesi akanigeukia. "Na wewe mgonjwa mwenzake, hukuomba hata kimoja?"

"Hapana."

"Wewe ni dada mwema sana. Umemlinda."

Mdogo wangu akacheka. "Huyu? Huyu hata maji yangu hanywi!"

Sikucheka. Nilipata ujasiri kidogo nikamuuliza nesi kama dawa ile ikionekana nzuri, sisi wengine tutapewa lini. Alisema hajui. Alisema kama mdogo wangu anameza dawa yenyewe, au kidonge kisicho na kitu ndani, hilo nalo yeye nesi hajui, na daktari hajui, mpaka kazi yote iishe.

Basi huenda nilikuwa naonea wivu unga mtupu. Nilingoja moyo utulie kwa kulijua hilo, haukutulia. Hata kama ni unga, yeye alivutiwa kiti.

Nesi alipoondoka tulikaa kupukuchua maharage, mimi na mdogo wangu, ungo mmoja katikati. Halafu yeye akachukua ganda la haragwe, akalishika kama kalamu, akakaza uso kama daktari.

"Umelalaje, dada?"

Nilijua ananitania. Nikaendelea kupukuchua.

"Vibaya," nilisema.

Naye akaandika kwenye vumbi.