Siku Tulipokula Mbegu

Nimerudi Bunia, rafiki yangu, na safari hii nimerudi na daftari. Mimi ni mwanaanthropolojia, kazi inayonitaka nikae na watu na kuwauliza maswali ambayo zamani mtoto angechapwa kwa kuyauliza. Nilikuja kuuliza familia za wakulima waliokimbia vita Djugu na sasa wanaishi kambini hapa kuhusu mbegu: walibeba zipi, waliacha zipi. Siku tatu sikupata kitu. Kila nilipofungua daftari, watu wa kambini walidhani ninaandikisha wa kugawiwa unga, wakanitajia watoto, wajukuu, hata shangazi aliyekwisha kufa. Siwalaumu. Ningekuwa wao, ningemtaja na mbuzi.

Siku ya nne nilichoka. Nikatia daftari mfukoni, nikaketi kando ya mama mmoja mzee wa upande wa Iga Barrière, huko Djugu, aliyekuwa akichambua maharagi, nikaanza kumsaidia kutoa mawe. Harufu ya majivu ikapanda kutoka kwenye ungo, nami nikarudi utotoni bila kuaga.

Basi twende Ngezi, mtaa wa hapa Bunia, kwa nyanya yangu, ambaye sisi wa Bunia tulimwita koko. Juu ya jiko lake, kwenye dari nyeusi kwa masizi, aliweka chungu cha mbegu za maharagi zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizile. Mvua zikikaribia alikishusha, akamwaga mbegu kwenye ungo, tcha-tcha-tcha, nasi tukazitenga. Kila aina iliitwa kwa jina la mtu aliyempa koko. Nyekundu ndefu ilikuwa ya mke wa mwalimu. Ya njano ilikuwa ya dereva wa Nia-Nia, aliyewahi kunywa chai kwetu. Nyeusi ndogo ilikuwa ya jirani, ambaye koko alisema maharagi yake yanaiva upesi kuliko maneno yake. Niliyoipenda mimi ilikuwa nyeupe yenye mstari wa zambarau ubavuni. Hiyo koko alipewa na mama yake mzazi.

Nilikuwa na miaka minane siku koko alipokwenda matangani akaniachia kazi ya kupika maharagi. Gunia la maharagi ya kula lilikuwa chini ya kitanda, nami niliogopa panya wa chini ya kitanda. Nikapanda juu ya kinu, nikashusha chungu, nikaosha majivu vizuri kabisa, nikapika. Nikatia hata kitunguu na mawese. Koko aliporudi alifunua sufuria, akaona makubwa na madogo, mekundu na meusi, yote yanachemka pamoja. Akakaa chini bila kuvua kitambaa cha kichwani. Hapo nikajua nimefanya nini, nikaanza kulia.

Hakunichapa. "Leta masahani, mutoto yangu," alisema. "Leo tutakula watu."

Tukala na bugali, naye akawataja mmoja mmoja akitafuna: huyu mke wa mwalimu, huyu dereva, huyu jirani, ona, hata mdomoni anasumbua. Nilicheka huku machozi yakidondokea bugali. Alipofika kwenye ile ya mama yake aliimeza bila utani.

Kesho yake alijifunga kikwembe, kitenge chake, akanishika mkono, tukazunguka nyumba kwa nyumba. Miaka yote alikuwa akiwagawia watu mbegu zake. "Mbegu yenye ulipeana haipotee," aliniambia njiani. "Iko kwa watu." Kweli, kila nyumba ilitupa kiganja kimoja, na maneno mengi juu yake. Zote zilirudi, isipokuwa ile nyeupe. Waliopewa hiyo walikuwa wamehamia mashambani upande wa Djugu, hatukujua wapi. Koko alikufa miaka mingi baadaye bila kuipanda tena, na hakunikumbusha kosa langu hata siku moja. Mimi ndiye sikulisahau. Nadhani hata kazi hii niliichagua kwa ajili ya lile haragi.

Sasa, kwenye ungo wa yule mama, kidole changu kikasukuma haragi jeupe lenye mstari wa zambarau. Nikamwuliza hili wanaliitaje.

"Hiyo? Iko ya koko wa Ngezi," alijibu bila kuinua macho. "Mama yangu alikuwa anaiita vile. Siye hatukumujua ule koko. Nilikimbia na hii tu mu kikwembe, na mujukuu mugongoni."

Ngezi ilikuwa na makoko wengi. Niliuliza na kuuliza tena, hakujua zaidi. Nikamsimulia habari za chungu, kinu, na siku tuliyokula watu. Akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kikwembe, kisha akanifungia kiganja kimoja kwenye karatasi niliyochana daftarini.

Nyumba ya koko haipo tena, na shamba la yule mama hajui nani analilima. Mbegu nimezipanda nyuma ya nyumba, na jana zilianza kuchungulia. Binti yangu aliuliza ni maharagi gani. Ulimi wangu ulitaka kusema ya koko, lakini desturi ni desturi. Nikamwambia ni ya mama wa Iga Barrière, nikampa kopo la maji amwagilie, nami nikaanza kumweleza mama huyo aliyapata kwa nani.