Foronya Iliyokuwa Gauni

Juzi nilikuwa dukani Garsen nikimchagulia binti yangu mto wa kulalia, nikajikuta nimeuzika uso wangu wote ndani yake. Muuzaji akacheka. "Mama, huo ni mto, si biriani." Nami nikacheka, lakini sikuacha kunusa. Tabia hiyo niliipata kwa nyanya yangu.

Unaikumbuka mito ya sufi, rafiki yangu? Kwetu Hewani msufi ulikuwa nyuma ya nyumba. Matunda yake yakikauka na kupasuka, sisi watoto tuliyaokota, kisha tukakaa mkekani kutoa mbegu, sufi imetujaa hadi kwenye kope. Nyanya hakuwa na mchezo. Aliingiza mkono ndani ya mto, na mbegu moja tu ikimgusa kidole, kazi ilianza upya. Mto mzuri, alikuwa akisema, ni ule unaokusahaulisha kwamba umeulalia.

Sasa, nyanya alikuwa na maarifa yake. Mahindi ya mbegu aliyaweka darini juu ya mafiga, moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Mwaka mmoja Tana ilifurika, nyumba nzima ikawa unyevu, akaogopa mito itaoza. Basi akaipandisha darini nayo, ikae na mahindi. Maji yalipotoka, mito ilishuka mikavu na mepesi, na nyanya akajisifu kwa kila jirani aliyepita.

Mimi nikaanza kukohoa. Kila nikilala, kifua kinabana na pumzi inatoka kwa mluzi. Nilifukizwa majani, nikapakwa mafuta ya simsim, madirisha yakazibwa kwa magunia. Wote walisema ni ubaridi wa Tana. Mwishowe baba akaamua nipelekwe Madogo kwa shangazi, kwenye hewa kavu, nikae huko na nisome huko. Nyanya akanishonea gauni la safari, la manjano lenye maua, na mfuko mmoja pembeni. Nililichukia gauni lile. Nyanya hakulia mbele yangu, ila sahani yake ilikuwa ikirudi jikoni na chakula chake chote.

Siku moja kabla ya safari, nguo zangu zimeshafungwa kwenye leso, nilijilaza mchana baada ya kukohoa sana. Nyanya akaja kitandani.

"Sogea, mke mwenzangu. Leo tulale mto mmoja."

Hakukaa hata kidogo. Alipiga chafya, akapiga nyingine, akainuka machozi yakimtoka. Akaushika mto, akaunusa, akatoka nao nje na kuubamiza ukutani. Ukatoa masizi na vumbi la mahindi kama kinu kinachotwangwa.

"Loo! Kumbe ni mimi! Ni mimi ninayemziba mtoto huyu pumzi!" Kisha akamwita baba. "Njoo unuse! Mtoto haendi popote."

"Mama, nimeshaongea na dereva. Asubuhi atapitia hapa."

"Apite tu."

Akafungua kifurushi changu, akatoa gauni la manjano na mkasi. Jioni ile ile likawa foronya, juu ya mto mpya uliojazwa sufi safi kutoka kwa jirani wa pili. Asubuhi gari lilipiga honi barabarani, likapiga tena, likaenda zake. Nililisikia nikiwa kitandani, na nilifurahi hadi nikaufunika uso nisionekane ninavyocheka. Kikohozi hakikuisha siku hiyo, lakini kiliisha, na mimi nilikulia mikononi mwa nyanya.

Siku hizi nyanya hayupo. Msufi wetu uliondoka na ukingo Tana ilipoumega, na watoto wa Hewani hawana tena sufi ya kuwawasha pua. Mito ni ya sponji, inakuja imefungwa kwa nailoni. Sina ugomvi nayo. Niliununua ule wa Garsen kwa kuwa haukunuka kitu, nikauanika juani hata hivyo, nikauvalisha foronya ya manjano ambayo maua yake sasa yanaonekana kwa kubahatisha.

Binti yangu aliulalia, akaupapasa, akaniuliza mbona foronya hii ina mfuko.

Nikamwambia, hapo ndipo ningeweka kitambaa cha kufutia machozi Madogo.