Mpiga Kinanda wa Chumba cha Pili

Hupiga ameegemeza shavu kwenye spika, maana masikio yake yanakufa na kidogo kilichobaki anakisikia kwa mfupa. Mwaka mzima anahangaika na wimbo mmoja tu, roki ya zamani ya magitaa yanayoweweseka kama mgonjwa wa homa. Anaugeuza uwe jazi kwa kinanda chake cha umeme. Mkono wa kulia unakimbia, dole gumba la kushoto linasukuma kigurudumu cha pembeni ya kinanda mpaka sauti inapinda kama gitaa. Anataka aumalize kabla hajawa kiziwi kabisa. Mimi shule sikukaa, lakini masikio ninayo, na ukuta unaotutenganisha nimeugonga sana: "Wee baba, utatuua!"

Jana akaniita. "Bibi, njoo usikie, nimeupata!" Akafumba macho, shavu pale pale kwenye spika, akapiga mpaka jasho likamtiririka. Mimi nikasikia vidole tu, tok tok, juu ya plastiki. Waya wa spika ulikuwa umechomoka, umelala sakafuni. Alipomaliza akaitazama midomo yangu.

"Vipi, bibi? Wimbo umekaa sawa?"

Nikaukanyaga ule waya asiuone.

"Umekaa, mwanangu. Hebu rudia."