Maziwa na Pembe za Ndovu

Nichekeni tu, nimestahili.

Wiki iliyopita sebule yetu hapa Lushoto ilikuwa inapakwa rangi kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa na furaha kama mtoto siku ya Krismasi! Nilinunua makopo mawili, moja rangi ya maziwa, jingine rangi ya pembe za ndovu. Nikamwambia fundi Yona anipakie vipande viwili ukutani nipate kuchagua.

Niliporudi kutoka sokoni, vipande viwili vilikuwa ukutani. Mbio nikamwita mama mkwe na majirani.

“Shikamoo mama! Karibu uone!”

“Marahaba. Mbona naona zinafanana?”

Zinafanana! Nikavuta kopo, nikapanda juu yake ili wote wanione vizuri, nikaanza kufundisha.

“Mama, hii ya kushoto ni maziwa, imepauka kama mgonjwa. Hii ya kulia ndiyo pembe za ndovu. Ina joto! Kwa baridi yetu hii, mgeni akiingia tu atavua sweta.”

Majirani wakaafiki. Mama mkwe akafungua hata kifungo cha sweta lake.

Fundi Yona akakohoa. “Samahani, dada. Zote mbili ni maziwa. Kushoto nimepaka mara moja, kulia nimerudia mara ya pili, uone itakavyokuwa tukimaliza.”

“Na pembe za ndovu iko wapi?”

“Kopo lake sijalifungua. Nasubiri ushuke.”

Mama mkwe akakifunga kifungo chake, polepole.