Vidole Vinne Gotini

Saa mbili kasoro asubuhi, Mwalimu yuko jikoni, uso kwenye kioo cha kunyolea cha mumewe. Pembe yake, ile ya shaba iliyojikunja kama konokono, imelala mezani kando ya mkate. Mkononi ana kidomo chake tu, kile cha kupulizia, anakipuliza. Kinalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

"Nyuki leo kaamka vizuri," mumewe anasema, akimimina chai.

Miaka ishirini na sita Mwalimu amekalia kiti cha kwanza cha pembe kwenye okestra, na Jumamosi anafundisha. Halafu, miezi minne iliyopita, akateleza bafuni, jino la mbele likabaki kwenye sinki. Kwa mwingine hilo ni la kuchekwa wiki moja, yakaisha. Ila kidomo cha pembe hukaa juu ya midomo, na midomo huegemea meno. Daktari alimpa jino jipya, tena zuri kuliko la zamani. Mdomo ukalikataa katakata.

"Nilipuliza ikatoka hewa tupu," anasema. "Nikajifungia chooni nikalia weee, kisha nikatoka nikaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza."

Kiti akashikiwa na binti aliyemfundisha mwenyewe tangu ana miaka kumi. Ijumaa iliyopita kiongozi wa okestra akakata shauri: Mwalimu apige mbele ya wote. Akiweza, anarudi. Akishindwa, kiti ni cha binti moja kwa moja.

Kipande chenyewe cha muziki ni kifupi, ila kabla yake pembe hunyamaza hesabu sitini na nne. Na kwenye kuhesabu, Mwalimu ana sheria moja: kichwani tu. Ukitumia vidole, penseli inavishukia. Binti anaijua vizuri hiyo penseli.

Siku ya kupiga, ulimi wa Mwalimu haukutulia, ukawa unalipapasa jino. Alipozinduka, hajui yuko hamsini au sitini. Kuwahi hesabu moja ni kuumbuka ukumbi mzima.

Pembeni yake, binti wala hakugeuka. Aliweka mkono gotini, akanyoosha vidole vinne. Vikawa vitatu. Viwili. Kimoja.

Mwalimu akaingia. Sauti ikatoka nzima, ikafika viti vya nyuma kabisa. Kiongozi akafunua ukurasa wa pili tu, wakaendelea, na kila mtu akaelewa.

Wakati wa kumwaga maji ya pumzi yaliyojikusanya ndani ya pembe, binti akamwinamia. "Nimevunja sheria, Mwalimu. Lete penseli."

"Penseli imepotea, mwanangu."

Binti amerudi kiti cha pili. Anasema kinamtosha, kwa sasa, na wote wawili wanacheka. Mwalimu amepanga kupiga misimu mitatu zaidi, kisha amkalishe kiti cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi hii ana wanafunzi kumi na wawili. Penseli ni za kuandikia tu.